Milimita Thelathini na Moja

Msimamizi wangu, Profesa Lomtatidze,
hammiminii chai mtu asiye na swali.
"Mada unayo," aliniambia Oktoba,
"mada hata mbwa wa ngazini anayo. Swali liko wapi?"
Nikatoka na mada yangu kwapani
kama mtu aliyenunua mlango kabla ya kiwanja.

Uzamili wa utafiti hauna darasa, hauna kengele.
Ni wewe, miezi kumi na minane, na ukuta.

Ukuta wangu uko Gldani, kaskazini mwa Tbilisi:
maghorofa ya zege, yote sura moja,
na vyumba ambavyo wenyeji walivichomeka kwa nje
miaka ile serikali ilipoondoka bila kuaga
na umeme ukaifuata nyuma.
Mabomba, mbao za makreti, vioo vya basi lililokufa.
Hakuna ramani. Hakuna kibali.
Vimening'inia hapo hadi leo, kimoja juu ya kingine,
kama maelezo ya pembeni mwa daftari
yaliyokua yakawa marefu kuliko somo.

Lifti hula sarafu. Nikailisha, nikapanda hadi ya saba.
Bi Tsiuri alifungua, mikono ina unga.
Nikatoa utepe, pimamaji, timazi.
"Unapima nini, mwanangu?"
"Chumba."
"Chumba, au mume wangu?"

Maana ni Anzor aliyekijenga,
majira ya baridi ya tisini na tatu,
binti wa pili amezaliwa na kitanda hakina pa kukaa.
Alikuwa dereva wa tramu zisizotembea tena.
Akaona: reli zimelala bure, na mimi silali.
Vipande viwili, yeye na shemeji yake,
ngazi kwa ngazi gizani,
wakipumzika kila ghorofa, wakigombana kwa kunong'ona.
Wengine huziba ufa wasije wakajenga ukuta.
Yeye aliujenga ukuta kwanza,
ufa ukaja baadaye, taratibu, kama mgeni mwenye adabu.

Timazi likatulia.
Milimita thelathini na moja.
Nilipima tena. Nilipima tena nikiwa nimeshika pumzi.
"Gololi ikianguka hukimbilia dirishani," alisema Bi Tsiuri.
"Wajukuu wanajua hilo bila chuo."

Sasa sikiliza shida yangu.
Ufadhili wangu hutoka manispaa,
na nakala moja ya tasnifu huenda kwao.
Jedwali la nne, safu ya saba, kisanduku kimoja:
nikikijaza, watakuja na karatasi ya kubomoa;
nikikiacha wazi, siku moja chumba kitajijazia chenyewe.
Wiki mbili nilikitazama kisanduku hicho.
Nilibadilisha ukubwa wa herufi. Nilipanga marejeo upya.

Jumamosi nilirudi bila daftari,
na binamu yangu Vazha, mchomeleaji vyuma,
anayedai tangu utotoni kwamba nasoma vitu vilivyokwisha kujengwa.
Jirani wa ghorofa ya sita alitupisha roshanini kwake,
akatushikia tochi, akatulaumu kwa cheche.
Mihimili miwili ya mshazari, hadi saa tatu usiku.
Bi Tsiuri alituteremshia mkate wa jibini kwa kamba,
ileile, nadhani, aliyonikopesha siku ya timazi.

Nikaandika yote. Kabla, na baada.
Nikaandika na jina la Vazha.
Najua vizuri kanuni, niliinakili mwenyewe sura ya tatu:
mtafiti asiguse anachokipima.

Rasimu ilirudi Jumanne.
Pembeni mwa jedwali, wino mwekundu:
"Hii si data safi. Umeharibu sampuli."
Mstari mzima chini yake, mkali.

Na chini zaidi, kwa kalamu ya risasi, herufi ndogo
kama za mtu asiyetaka mkono wake wa kulia ujue:
"Mihimili ya unene gani?
Njoo Alhamisi. Chai ipo."